Kola Anafundishwa Pasi

Kitinda alirudi nyumbani kabla ya wakati, mkono wa kulia umefungwa kwa taulo mbichi, na mama yake hajafungua mdomo akamwahi. "Usipige kelele, Mama. Za leo nimeshazipiga mimi."

Mama Kitinda hakupiga kelele. Alisimamisha pasi, akachomoa waya, akaifungua ile taulo. Toka kiganjani hadi karibu na kiwiko, ngozi ilikuwa imenyanyuka kama utando juu ya maziwa. Alama ilikuwa pana, kingo zake zimenyooka kana kwamba zimepigwa rula. Pasi ya mkono haichomi hivyo.

"Roli?"

"Roli."

"Kinga ilikuwa wapi?"

"Kinga gani?"

Hapo hasira ikaingia ndani, ikavua viatu, ikakaa.

Ile roli Mama Kitinda aliijua kuliko jiko lake mwenyewe. Ni pasi kubwa ya kiwandani, pana kama kitanda cha watu wawili, yenye silinda za moto zinazovuta shuka bichi upande huu na kulitoa limekauka na kunyooka upande wa pili. Mbele ya silinda hukaa kibao cha chuma. Kidole kikikigusa, mashine inasimama palepale. Hiyo ndiyo kinga. Inaudhi, maana asiyejua kazi huigusa kila mara na kila mara mashine inasimama. Aliyefundishwa haigusi.

Alikuwa msimamizi wa chumba kile cha pasi kwa miaka mingi, na diploma yake ya utunzaji wa nguo, na chini yake wanawake watano ambao wangeweza kulisha roli huku wakisengenya mtaa mzima bila kukunja hata foronya moja. Kisha kiwanda hicho cha kufulia nguo kikanunuliwa na Kola.

Jina hilo walimpa wao. Kola ya shati lake jeupe ilitiwa wanga hadi shingo ikawa haigeuki. Akitaka kukutazama, anageuka mzima kama kabati. Zamani alikuwa akiuza magari. Kuhusu nguo, alijua kuzivaa. Lakini masikio alikuwa nayo, na siku moja akasikia kwamba mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kazini halazimiki kulipwa kima cha chini cha mshahara. Akamwita Mama Kitinda na wale watano wake ofisini, akawaambia kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto, "Si kwamba hamfai. Ni kwamba mna gharama." Wiki iliyofuata chuo kikamletea vijana wenye aproni mpya. Wakapewa nauli na mkate wa mchana, wakaambiwa wako darasani.

Sheria ile ilikuwa na nusu ya pili, na Mama Kitinda aliisoma chuoni akaifanyia mtihani. Msamaha ni kwa mwanafunzi anayefundishwa na mtu mwenye kuijua kazi, na asipewe kazi ambayo hajafundishwa. Kola alilamba asali akawaachia wenzake nyuki.

Na kama vile Mungu anapenda utani, chuo kilipopanga wanafunzi wa mwaka huu, Kitinda akapangiwa hukohuko. Mama yake alitaka kwenda kukataa. "Mama, ni miezi michache tu," Kitinda alimwambia. "Bila sahihi yake narudia mwaka. Nitainama, nitapita." Akainama. Sasa huu ndio mkono wake.

Walitoka zahanati binti amefungwa bendeji nyeupe, na Mama Kitinda akamwacha nyumbani, akaenda kwa Kola na kanga yake ileile ya kupigia pasi. Hakukusudia vita. Alikusudia kuambiwa pole, na matibabu yalipiwe.

Kola alimgeukia mzima. "Mama Kitinda. Karibu. Nimesikia."

"Kama umesikia, mtoto kaungua kazini kwako."

"Hapo ndipo unapokosea. Kazini kwangu hana kazi. Mfanyakazi akiumia, kampuni inamgharimia. Mwanafunzi akiumia," akatabasamu kabla hajamaliza, kama mtu anayeonja mchuzi wake mwenyewe, "amejifunza."

Karani wake alicheka. Kola akafurahi kwamba karani amecheka.

"Na kinga ya roli uliitoa kwa nini?"

"Ilikuwa inasimamisha mashine ovyo. Mama, mpe mtoto mapumziko ya siku mbili tatu, arudi. Asiporudi, sahihi yangu sina wa kumpa."

Mama Kitinda alisema sawa. Alisema na kwaheri. Njiani alipitwa na jirani akamsalimia, na jirani baadaye akasimulia kwamba siku ile Mama Kitinda alikuwa akitabasamu, na kwamba tabasamu lile lilimfanya avuke barabara.

Jumapili mchana wanafunzi wenzake Kitinda walikuja kumpa pole. Wakakaa barazani, juu ya viti na ndoo zilizopinduliwa, kati ya mashati ya shule ya watu wengine yaliyoning'inia yakisubiri kupigwa pasi, maana hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Mama Kitinda tangu afukuzwe. Kulikuwa na kijana mrefu waliyemwita Mlingoti, ambaye hakuwahi kusema jambo bila mzaha, na binti mwenye alama shavuni, Kidoti, ambaye hakuwahi kucheka. Wengine walikuwa wa kuitikia.

"Shikamoo, mama," alisema Mlingoti. "Tumeleta ndizi. Tulitaka kuleta mshahara, tukakumbuka hatuna."

"Marahaba. Kaa, usinivunjie ndoo. Niambieni, nani aliwafundisha roli?"

Wakatazamana. Kidoti ndiye aliyejibu. "Wanafunzi wa mwaka jana walituachia maelekezo mlangoni walipokuwa wanaondoka. Walisema usiuangalie sana moto."

"Na madoa? Na wanga? Na kutenganisha nguo?"

"Fundi wa boila anatuambia kama anajisikia vizuri siku hiyo," alisema Mlingoti. "Siku nyingine anatuambia habari za mke wake."

"Tugome, mama," Kidoti alisema. "Kesho hoteli inaleta mzigo mkubwa kuliko yote. Wana wageni wa mkutano. Tukigoma kesho, atalia."

Mama Kitinda alitikisa kichwa. "Mkigoma, atawafukuza, sahihi hamna, mwaka mmeula na chumvi. Atakuwa na haki. Nyie hamgomi. Nyie ni wanafunzi wazuri. Kesho mtafika mapema, mtavaa aproni, mtamsalimia. Kila atakachowaambia mfanye, mtamwomba kwa adabu awafundishe kwanza. Na hamtashika kitu mpaka mmefundishwa. Basi."

Kisha Mlingoti akaanza kucheka kidogo kidogo, mabega yakitikisika, hadi ndoo ikalia.

"Hajui hata kuwasha," alisema.

"Najua hajui."

"Mama," Kitinda alisema kutoka kwenye kiti chake, mkono umelazwa juu ya mto. "Si uende ofisi ya kazi tu?"

"Ofisi ya kazi nitakwenda, mwanangu. Lakini wao watamwandikia barua, naye barua ataifanya feni. Mimi simtakii barua." Aliuangalia ule mkono. "Mimi nataka ajue roli ina joto kiasi gani."

Jumatatu asubuhi simu ililia Mama Kitinda akiwa kwenye kola ya shati la tatu. Akaiacha ilie. Ikalia tena. Kitinda akaitazama skrini. "Ni yeye."

"Nina shati mkononi."

Ilipolia mara nyingine ndipo akaipokea, akaiweka kwenye spika karibu na chupa ya maji ya kunyunyizia.

"Mama Kitinda, habari za asubuhi." Nyuma ya sauti ya Kola kulikuwa na mvumo wa mashine za kufulia, lakini roli haikusikika. "Nina tatizo dogo. Hawa watoto leo wamepandwa na nini sijui. Nikimwambia huyu lisha roli, ananiambia, shikamoo bosi, naomba unifundishe. Nikimwambia yule panga mashuka, shikamoo bosi, naomba unifundishe. Wamesimama kama wako gwaride. Nimewatukana, wamesema asante."

"Wamelelewa vizuri."

"Wananisomea sheria. Wanasema lazima awafundishe mtu mwenye kujua. Nimewauliza nani, wamekutaja wewe. Dada yangu, lori la hoteli limeshamwaga mzigo. Mkuu wa vyumba anakuja mwenyewe kuuchukua leo hii. Njoo."

"Nitakuja."

"Sasa hivi?"

"Nikimaliza."

Akamaliza shati la tatu. Akapiga na la nne, ambalo mwenye shati hakulihitaji mpaka keshokutwa. Akaoga. Akachemsha chai, akainywa amekaa, na alipoona Kitinda anamtazama, akamwongezea sukari yule naye. Mtu aliyemfukuza kazi alikuwa akisubiri upande wa pili wa mji, na chai haijawahi kuwa tamu vile. Kisha akavaa gauni lake la kazi la zamani, lile la buluu, akaenda kwa miguu ingawa nauli alikuwa nayo.

Chumba cha pasi kilinuka sabuni na shuka bichi lililokaa kwenye toroli mpaka likaanza kuchacha. Mashuka ya hoteli yalijaza matoroli hadi mlangoni. Wanafunzi walikuwa wamejipanga ukutani, mikono nyuma, nyuso safi kabisa. Fundi wa boila alikuwa amekaa kwenye kreti lake na kikombe, kama mtu aliyekata tikiti ya kuangalia mpira.

"Ah, umefika," Kola alisema. Wanga wa kola yake ulikuwa umeanza kulegea kwa mvuke. "Anza basi, anza. Huyu aende pale, yule..."

"Sikuja kufanya kazi, bosi. Kazi ulininyima. Nimekuja kufundisha." Akawageukia wanafunzi. "Nani hajui roli?"

Mikono yote ikapanda.

Mama Kitinda akamgeukia Kola, akangoja.

"Mimi?" alisema Kola.

"Kiwanda ni chako. Mwenye kiwanda asiyejua kazi atamfundishaje mwanafunzi? Nyoosha mkono."

"Mama Kitinda, tusifanyiane mchezo. Mzigo huu..."

"Kama ni mchezo, mimi nina mashati nyumbani." Akachukua mkoba wake.

Kola akainua mkono. Si juu sana, kiasi cha sikio. Fundi wa boila akakohoa chai.

"Somo la kwanza ni usalama," alisema Mama Kitinda. "Kinga iko wapi?"

Ilikuwa stoo, nyuma ya makopo ya rangi. Alimtuma Kola mwenyewe akailete, na aliporudi nayo na vumbi kifuani, akampa bisibisi. Kola aliifunga kichwa chini. Akaifungua. Akaifunga mwanzo wake mwisho. Mlingoti akauliza kwa heshima zote kama bosi angependa wanafunzi waandike.

Kisha Mama Kitinda akaeleza moto: unavyotoka kwenye boila, unavyoingia kwenye silinda, kwa nini nywele hufungwa, kwa nini mkono wa shati hukunjwa, bendeji ya kuungua hubadilishwaje, ngozi mpya huwa na rangi gani. Kwenye ngozi alikaa muda mrefu. Akamuuliza Kola maswali. Kola akakosa, naye Mama Kitinda akaeleza upya.

"Twende kwenye kazi sasa," Kola alisema, akiyatazama matoroli. "Nakuomba."

"Hii ndiyo kazi. Uliiona ndogo kwa sababu hukuwahi kuifanya. Kunja mikono ya shati. Shika kona hiyo."

Shuka bichi la kitanda kikubwa lina uzito wa mtoto aliyelala. Ukilishika kwa ncha za vidole linateleza, ukilishika kwa ngumi linaingia limekunjwa. Kola alilishika kwa ngumi. Kiganja kikagusa kinga, mashine ikasimama. Akalishika upya, mashine ikasimama. Mara ya tatu shuka likapita, likatokea upande wa pili na kunyanzi katikati kama uso wa bibi kizee.

Kidoti alilipokea, akalitazama, akamwangalia Mama Kitinda.

"Rudia," alisema Mama Kitinda.

Akarudia. Wanafunzi nao wakafundishwa, mmoja mmoja, wawili wa kulisha, wawili wa kupokea na kukunja, na walikuwa wepesi, maana mikono yao ilikuwa imeizoea mashine kwa hofu na sasa waliizoea kwa akili. Lakini kila zamu ilipozunguka ikamfikia Kola, kila kitu kilipungua mwendo. Jasho lilimshuka mgongoni. Kola yake ililala kabisa, na kwa mara ya kwanza chumba kile kiliona kwamba shingo ya mtu yule inageuka.

"Pana joto hapa," alisema.

"Ndiyo."

"Hawa wanasimamaje hapa kutwa?"

"Kwa nauli na mkate."

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia mkuu wa vyumba wa hoteli, mwanamke mfupi mwenye funguo kiunoni. Alimkuta bosi wa kiwanda ameloa, aproni ya mwanafunzi kifuani, ameng'ang'ania kona ya shuka. Akasimama akiangalia kwa muda.

"Mashuka yangu?"

Kola akafungua mdomo. Mama Kitinda akamwahi. "Hayajaisha, dada. Nusu bado. Tuko kwenye masomo."

"Mimi sikulipia masomo." Akachukua shuka moja lililokunjwa, akalifungua, akalipapasa, akalinusa. "Nani kapiga hili?"

"Hawa watoto. Leo wamefundishwa."

"Na haya niliyokuwa naletewa mwaka mzima, yana alama za kuungua kwenye pindo?"

"Hayo," alisema Mama Kitinda, "ni ya kabla ya kufundishwa. Mmoja wao ana alama hiyohiyo mkononi. Ni mwanangu."

Mkuu wa vyumba alimtazama Kola. Akavuta kiti, akakaa, akapanga funguo zake mapajani. "Nina wageni jioni. Nasubiri hapa nusu iliyobaki. Na kuanzia kesho, chumba hiki akisimamia huyu mama, mzigo wangu unakuja. Asiposimamia yeye, hauji. Mjadiliane, nawasikia."

Walijadiliana palepale, mbele ya kila mtu, kwa sababu Mama Kitinda alikataa kwenda ofisini. Akina mama watano wa pasi warudi, kwa mshahara wa wafanyakazi. Wanafunzi wabaki wanafunzi, wafundishwe, sahihi zao wapewe. Matibabu ya Kitinda yote, na Kola aende mwenyewe jioni kumpa pole. Kola aliitikia kila jambo kwa kichwa, na sasa kichwa kilikuwa kinatikisika vizuri.

"Na la mwisho," alisema Mama Kitinda. "Kozi yako hujaimaliza. Kila Jumatatu, siku ya mzigo mkubwa, utakuja hapa mpaka nitakaposema umeiva."

"Mpaka lini?"

"Mwanafunzi haulizi mpaka lini. Na halipwi."

Mkuu wa vyumba akatazama dari, akameza kicheko. Kola akasema sawa.

Jioni Kola alikwenda nyumbani kwa Mama Kitinda kama alivyoagizwa, akiwa na shati kavu la kuazima. Akasimama barazani mbele ya Kitinda, akaanza, "Unajua, binti, biashara siku hizi..."

"Pole kwanza," alisema Mama Kitinda. "Biashara baadaye."

"Pole, binti. Ilikuwa si haki. Na lile neno nililosema, la kujifunza, nalifuta."

"Asante kwa kuja," Kitinda alisema, na hakuongeza. Kola akangoja kidogo, akaona hakuna kingine, akaaga. Kwenye mikono yake yote miwili, toka vidoleni hadi kwenye kifundo, kulikuwa na wekundu wa mvuke. Si jeraha. Utapoa kabla ya Ijumaa.

Mama yake alirudi kwenye pasi. Kitinda akamwangalia anavyopiga shati, haraka, kwa nguvu kuliko shati lilivyohitaji.

"Mama. Lile la leo, ulinifanyia mimi, au ulijifanyia wewe?"

"Wote wawili. Chungu kilikuwa kimoja, nikakipakua mara mbili."

"Ameshakoma, lakini. Umemwona. Ungeweza kumwacha hapo."

"Ningeweza." Akageuza shati. Alijua ameshashinda, alijua tangu mkono wa Kola ulipopanda. Lakini kushinda ni jambo moja na kushiba ni jingine, na aliisikia njaa yake bado imekaa pale, miguu imenyoosha. "Kama unamwonea huruma, sema. Nitafikiri."

Kitinda aliuinua mkono wake wenye bendeji, akaugeuza upande huu na upande ule kwenye mwanga wa barazani, kama mtu anayekagua nguo dukani.

"Daktari kasema baada ya wiki tatu naweza kurudi," alisema. "Nikirudi, zile Jumatatu za Kola nitazishika mimi. Mimi ndiye nitakayemfundisha."

Mama Kitinda akaweka pasi wima. Akamtazama binti yake, uso ule uliokuwa umeinama miezi yote ile ili upite, na akaona kwamba hauinami tena.

"Haya," alisema. "Lakini usiharakishe, mwanangu. Mfundishe taratibu."